Usalama wa Mashuka na Nguo za Hospitali: Kutoka Wodini Hadi Kamba ya Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mikutano ya wananchi katika kata za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam)



 Tumezoea kukutana nanyi kuhusu mizani ya sokoni, dawa zilizokwisha muda wake na vipodozi vyenye sumu. Leo tumekuja kuzungumzia mashuka, yaani mashuka ya hospitali, foronya, mablanketi, taulo, nguo za upasuaji, pamoja na khanga tunazobeba kutoka nyumbani tunapokwenda kujifungua au kuuguza. Kwa urahisi wa mazungumzo, vyote hivyo tutaviita nguo za hospitali.

Mazungumzo haya yamechapwa katika kijitabu hiki ili yawafikie pia wale ambao hawakuweza kufika. Msomaji akisoma, amsomee na jirani yake.

Kisa cha beseni

Tuanze na kisa kilichompata mwenzetu mmoja, mtumishi wa ofisi yetu. Dada yake alijifungua salama katika kituo kimoja cha afya. Jioni ile ile ndugu walikabidhiwa mfuko wenye khanga nne na shuka moja, vyote vimelowa damu, wakaambiwa wakavifue nyumbani. Mfuko wenyewe ulikuwa ule mfuko mbadala wa kitambaa chepesi, ambao sote tumeuzoea tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mfuko huo hubeba nyanya vizuri, lakini hauzuii maji. Ndani ya daladala damu ilipenya, ikalowesha kikapu cha vyombo vya chakula kilichowekwa chini yake.

Walifika nyumbani usiku. Watu wazima walikuwa wamechoka, na kwa desturi yetu nguo za uzazi haziachwi zikalala. Binti wa miaka 15 akapewa beseni afue. Beseni hilo ndilo lililokuwa likioshewa vyombo. Mchana wa siku ile binti huyo alikuwa amejikata kidole kwa kisu alipokuwa akimenya mihogo, na kidonda hakikuwa kimefunga. Alifua kwa mikono mitupu, akaanika, akalala.

Asubuhi mwenzetu aliuona mkono ule, akamchukua binti hadi kituo cha afya kabla siku haijaisha. Mama mzazi alikuwa amepimwa virusi vya UKIMWI kliniki wakati wa ujauzito, na majibu yake yalijulikana kuwa hana maambukizi. Homa ya ini aina ya B hakuwa amepimwa. Kadi ya binti ilionyesha kuwa alipata chanjo zake zote utotoni, ikiwemo ya homa hiyo, na jambo hilo ndilo lililowapa ahueni. Hakuna aliyeugua. Lakini familia iliishi na hofu kwa wiki nyingi, katika siku ambazo zilistahili kuwa za furaha ya mtoto mchanga.

Hatukisimulii kisa hiki ili kumlaumu muuguzi, wala bibi aliyetoa beseni, wala binti. Kila mmoja alifanya alivyozoea, na pengine yaliyomo humu wengi wetu tumewahi kuyafanya bila kujua hatari yake. Swali tunalotaka kulijibu leo ni hili: shuka lililochafuka wodini ni la nani, na nani anapaswa kulishika, wapi na kwa namna gani?

Kwa nini shuka ni sehemu ya tiba

Mgonjwa anaweza kumeza dawa mara tatu kwa siku, lakini shuka humgusa usiku na mchana. Linapokea jasho lake, damu, usaha, matapishi na choo. Vijidudu haviishi muda sawa katika kitambaa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata pale damu ilipokwisha kukauka. Bakteria wengine wanaosababisha majipu na kuoza kwa vidonda huweza kudumu kwenye pamba kwa siku nyingi. Vidudu vya upele huishi nje ya ngozi ya mtu kwa siku mbili au tatu, muda unaotosha kabisa kumngoja mgonjwa atakayefuata kitandani. Vijidudu vya kipindupindu hupenda unyevu, na shuka bichi lililorundikwa pembeni ni makazi yao mazuri.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, aliyekuwa akifanya kazi Vienna, aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Baadaye, akiwa Pest nchini Hungary, alibaini kuwa mashuka yasiyofuliwa vizuri nayo yalikuwa yakiwaletea wazazi homa ile ile. Florence Nightingale alipofika hospitali ya askari ya Scutari mwaka 1854, miongoni mwa mambo yake ya mwanzo yalikuwa kutafuta nyumba, kuiwekea mitungi ya kuchemshia maji na kuwaajiri wake wa askari wafue nguo za majeruhi. Wakati huo hospitali zilikuwa bado hazina dawa za kuua bakteria tunazozijua leo. Walikuwa na sabuni, maji ya moto na nidhamu.

Hapa kwetu tunakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam kikianzia Kinondoni, kisha kikasambaa katika mikoa mingi ya nchi. Katika ugonjwa huo, shuka la mgonjwa lina hatari sawa na choo chake. Anayelifulia kando ya kisima anawapelekea majirani ugonjwa kwenye ndoo zao za maji ya kunywa.

Hata hivyo, tusipandikize woga usio na msingi. Kuketi karibu na mgonjwa, kumpa mkono au kumkunjia shuka safi hakumfanyi mtu augue homa ya ini wala UKIMWI. Hatari ipo pale majimaji ya mwili wa mgonjwa yanapokutana na kidonda, jicho au kinywa cha mtu mwingine. Tukilijua hilo, tutamhudumia mgonjwa wetu kwa upendo na kwa akili pia.

Mambo mnayoweza kuyaona wenyewe wodini

Mtumiaji wa huduma haingii katika chumba cha kufulia cha hospitali, iwe ni Mwananyamala, Temeke au zahanati ya mtaani kwake. Lakini yapo mambo ambayo kila mwenye macho anaweza kuyaona akiwa kando ya kitanda.

Kwanza, kila mgonjwa mpya anastahili kitanda kilichofutwa kwa dawa na kutandikwa shuka lililofuliwa. Shuka hubadilishwa mgonjwa anapoondoka, na wakati wowote linapolowa au kuchafuka, bila kungoja siku maalumu. Mkiambiwa mgonjwa wenu alale juu ya shuka la aliyetoka sasa hivi, mna haki ya kusema kwa upole, “Muuguzi, tunaomba hili libadilishwe.”

Pili, shuka chafu huviringishwa taratibu, upande uliochafuka ukiwa ndani, bila kukung'utwa. Kulikung'uta ni kurusha vijidudu hewani na juu ya vitanda vya jirani. Haliwekwi sakafuni, juu ya kabati la mgonjwa wala juu ya kitanda kingine. Anayelibeba halikumbatii kifuani. Hulitia moja kwa moja katika chombo au mfuko usiovuja, pale pale kando ya kitanda. Vituo vya afya visijitetee kwa marufuku ya mifuko ya plastiki, kwa sababu kanuni za mwaka 2019 zilibakiza nafasi kwa plastiki zinazotumika katika huduma za tiba na katika udhibiti wa taka.

Tatu, mashuka safi na machafu hayapandi toroli moja. Mashuka safi hutunzwa katika kabati lenye mlango au hufunikwa, mbali na vumbi na panya. Mkiona rundo la mashuka yaliyofuliwa limewekwa juu ya benchi ambalo wagonjwa wanakalia, kazi yote ya kufua imekwisha kupotea.

Nne, watumishi wanaochambua na kufua nguo hizo wanastahili mipira mizito ya mikono, aproni isiyopitisha maji, viatu vya kufunika mguu na kinga ya macho. Mara kwa mara sindano au wembe husahaulika ndani ya shuka, na wanaochomwa nazo ni wafuaji ambao majina yao hatuyajui. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawalinda hawa kama inavyomlinda mfanyakazi wa kiwandani. Nasi tuwasaidie: mgonjwa wetu akichomwa sindano, tusiiache kitandani, tumwite muuguzi aiweke katika kisanduku chake.

Ndani ya chumba cha kufulia, mashine inayotumia joto inapaswa kufikia nyuzijoto 70 au zaidi kwa muda wa dakika 25 hivi. Mahali pasipo na mashine, nguo huloweshwa katika maji ya klorini, kisha hufuliwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Kukauka ni sharti. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, tunajua sote jinsi nguo zinavyokaa kambani siku tatu zikinuka uvundo. Kituo kisicho na sehemu ya kuanikia yenye paa na hewa hujikuta kikitandika mashuka mabichi. Shuka bichi halijawa safi, hata likiwa jeupe.

Nguo zinazotoka nyumbani na kurudi nyumbani

 Kwetu sisi mama mjamzito huambiwa mapema kliniki afungashe khanga zake, pamba na nguo za mtoto. Hivyo mnyororo wa usafi hauishii kwenye lango la hospitali. Unapita katika daladala, bajaji, uani na kwenye kamba ya kila mmoja wetu. Kwa sababu hiyo tunaeleza hatua zote, moja baada ya nyingine.

*Kabla ya kwenda.* Khanga mpya haifai kumpokelea mtoto ikiwa bado ina wanga na rangi ya dukani. Ifuliwe kwa sabuni, isuuzwe, ikauke juani, ipigwe pasi pande zote mbili, kisha ifungwe katika mfuko safi. Bibi zetu wa Pwani walisisitiza pasi kwa nguo za kichanga, na walikuwa na sababu. Yupo nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au zilizotandazwa chini. Mayai yakikutana na joto la mwili, mabuu hutoka na kujichimbia katika ngozi, yakaleta uvimbe kama jipu. Joto la pasi huyaua.

Fungasha khanga za kutosha, mbili kati yake ziwe za mtoto pekee: moja ya kumkaushia mara tu anapozaliwa, na nyingine kavu ya kumfunika baada ya ile ya kwanza kulowa. Mtoto akiachwa ndani ya khanga iliyolowa hupoteza joto upesi, hata katika jiji lenye joto kama letu.

*Wakati wa kuondoka na nguo chafu.* Uliza kwanza kama kituo kinaweza kuzilowesha katika dawa kabla ya kuwakabidhi. Shuka la kituo libaki kituoni. Si kazi ya mgonjwa kulifua. Kwa khanga zenu, njia bora ya kuzibeba ni ndoo yenye mfuniko. Ndoo ndogo iliyobeba vifaa wakati wa kwenda inaweza kubeba nguo chafu wakati wa kurudi. Isichanganywe na chakula, wala isiwekwe miguuni pa abiria ikiwa haina mfuniko.

*Nyumbani.* Anayefua awe mtu mzima asiye na kidonda mikononi. Avae mipira ya mikono. Ile mizito ya kufulia ni bora, kwa kuwa hudumu na haichaniki ovyo. Atumie beseni la kazi hiyo tu, liwekewe alama, lisirudi jikoni. Afuate mpango huu:

1. Kama kuna choo au mabonge ya damu, yaondolewe kwa karatasi na kutupwa chooni.
2. Nguo ziloweshwe katika maji ya baridi, zitoke damu. Kina mama wanajua kwamba maji ya moto hugandisha doa la damu. Maji hayo yamwagwe chooni taratibu bila kurusha matone, wala yasimwagwe uani wanapochezea watoto.
3. Nguo nyeupe za pamba ziloweshwe katika maji ya klorini kwa dakika 30. Damu ikiwa bado nyingi, klorini huishia kupambana na damu yenyewe na kuviacha vijidudu. Ndiyo maana hatua ya pili haipaswi kurukwa.
4. Khanga za rangi, ambazo klorini ingeziharibu, zichemshwe kwa angalau dakika 5.
5. Baada ya hapo, zifuliwe kwa sabuni kama kawaida, zisuuzwe, zianikwe juani hadi zikauke, zipigwe pasi.
6. Beseni lisuuzwe kwa maji ya klorini, mipira ya mikono ioshwe kabla ya kuvuliwa, kisha mikono inawe kwa sabuni.

Wanaotumia maji ya visima vyenye chumvi wanajua kuwa sabuni haitoi povu, na nguo hubaki na utelezi. Kwa nguo za mgonjwa, tenga ndoo moja au mbili za maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya sabuni na suuzo la mwisho.

Na ikitokea damu imeingia katika kidonda au jicho? Usiminye kidonda wala usikipake jiki. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya ajali ya namna hii zipo, lakini lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kukaa kimya kwa aibu ndiyo hatari kubwa kuliko damu yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kipimo cha klorini

Dawa ya klorini ya maji, ambayo mitaani tunaiita jiki, haina nguvu moja kwa kila chupa. Soma lebo. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, basi mililita 300 katika ndoo ya lita 20 ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.05 hivi, unaofaa kulowesha nguo. Kwa kusafisha sakafu au beseni lililomwagikiwa damu, mchanganyiko uwe mkali zaidi: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, ambao ni asilimia 0.5. Mchanganyiko utengenezwe kila siku, kwa maana klorini hupungua nguvu, hasa juani.

Usichanganye jiki na siki, dawa ya choo yenye asidi wala dawa yoyote yenye amonia. Hutoka hewa yenye sumu inayochoma mapafu, na vyoo vyetu vidogo visivyo na dirisha huigeuza kuwa mtego.

Tunatoa onyo la pekee kuhusu jiki inayouzwa mitaani katika chupa zilizotumika za maji ya kunywa, bila lebo. Mnunuzi hajui nguvu yake, na kwa hiyo hawezi kupima. Ikiwa dhaifu, anaamini ameua vijidudu kumbe ameilowesha nguo tu. Ikiwa kali, anajichoma. Tena mtoto akiona chupa ya maji hunywa. Ukikuta bidhaa ya namna hiyo, usiinunue, hata kama bei yake inavutia.

Kununua, kuuza na kufua kwa malipo

Wengine kati yenu ni wafanyabiashara wenye maduka ya mashuka, vibanda vya udobi, au zabuni za kuhudumia zahanati. Tunaomba mtusikilize kwa makini.

Shuka la hospitali hufuliwa mara nyingi kuliko la nyumbani, tena kwa joto na dawa. Pamba nzito huvumilia. Kitambaa chepesi cha nailoni hujikunja, huchanika na hakinyonyi jasho la mgonjwa. Anayenunulia zahanati mashuka kwa kuangalia bei peke yake atanunua mara mbili. Na idadi nayo ina maana: kitanda kimoja kinahitaji angalau shuka lililotandikwa, lililopo kufuliwa na lililokauka kabatini. Kituo chenye shuka moja kwa kila kitanda hakiwezi kubadilisha, hata wauguzi wake wakiwa na moyo wa dhahabu. Ndiyo maana Novemba 2015, fedha zilizokusudiwa kwa hafla ya wabunge zilipoelekezwa kununua vitanda vya Hospitali ya Taifa Muhimbili, vitanda hivyo viliambatana na magodoro na mashuka.

Mashuka ya mitumba yasitandikwe katika kitanda cha mgonjwa kama yalivyotoka kwenye robota. Aliyeyanunua kwa matumizi ya nyumbani ayafue kwa maji ya moto kwanza. Shuka lenye muhuri wa hospitali yoyote likionekana sokoni au limetandikwa katika nyumba ya kulala wageni, muulizaji wa kwanza awe mnunuzi: limetokaje huko? Ama limeibwa, ama limetupwa kwa kuwa halifai. Kwa vyovyote vile, halipaswi kuwa pale.

Zahanati nyingi ndogo hazina chumba cha kufulia, hivyo humwita mama wa mtaani au dobi. Hatuipingi ajira hiyo. Tunachotaka ni kwamba mwenye zahanati amweleze mfuaji anachokifua, ampe mipira ya mikono, aproni na dawa, amlipie chanjo ya homa ya ini, na amtengee ndoo na kamba ambazo hazichanganywi na nguo za wateja wengine. Dobi naye akiletewa furushi lenye damu bila maelezo, ana haki ya kulikataa. Malipo ya kufulia shuka hayawezi kununua afya yake.

Haki yenu, wajibu wenu na pa kupeleka lalamiko

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatambua usafi kuwa sehemu ya ulinzi wa afya ya wote. Mna haki ya shuka safi, ya kuuliza linavyofuliwa, na ya kujibiwa kwa heshima. Mna wajibu pia: kutoketi juu ya vitanda vya wagonjwa kwa nguo za safarini, kutotandika khanga sakafuni kisha kuirudisha kitandani, kutoondoka na shuka la kituo hata kama limesahaulika ndani ya furushi lenu, na kumwambia muuguzi mapema shuka linapochafuka badala ya kuligeuza upande wa pili.

Panapotokea kasoro, anzeni na muuguzi msimamizi wa wodi. Asipopatikana, nendeni kwa mganga mfawidhi. Vituo vya umma vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi, tena baadhi yao mnawafahamu kwa majina mitaani kwenu. Lipo sanduku la maoni; andikeni tarehe, wodi na mlichokiona, bila matusi wala kutia chumvi. Jambo likishindikana hapo, ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa ipo, na Afisa Afya wa kata yenu ndiye wa karibu zaidi. Lalamiko lenye tarehe na maelezo hufanyiwa kazi. Manung'uniko ya kituo cha daladala hayamfikii mhusika.

Hitimisho

Turudi kwa yule binti na beseni lake. Palikuwa na nafasi tano za kuizuia hatari ile: muuguzi kuzilowesha khanga kabla ya kuzikabidhi, ndugu kubeba ndoo yenye mfuniko, mtu mzima kuifanya kazi ile, jozi moja ya mipira ya mikono, na beseni lililotengwa. Nafasi moja ilikuwa ya kituo. Nne zilikuwa za familia.

Siku hizi katika nyumba ile ipo ndoo nyekundu nyuma ya mlango wa uani, imeandikwa kwa rangi ya kucha: YA MGONJWA. Ndani yake kuna mipira ya mikono, kikombe cha kupimia na kipande cha sabuni. Haina kazi siku nyingi za mwaka, na tunaomba ikae hivyo. Lakini ipo. Leo mkifika nyumbani, kabla ya kukiweka kijitabu hiki pembeni, tunawaomba mchague ndoo yenu na kuitia alama.

 Sasa tunakaribisha maswali.